Koti Kwenye Kulabu

Inspekta Njiru alikuwa ameshasema mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, kwamba lile sanduku litoke stoo ya vielelezo kabla ya saa sita. Mara ya tatu aliandika. Barua ilikuwa fupi: sanduku la kuendeshea malango ya maji lirudishwe kwa mwenyekiti wa Kikundi cha Laini Nne, wakulima wanaogawana maji ya mfereji kwa laini nne, kwa maana ndizi za watu zinakauka; na mshukiwa Riungu apelekwe kortini saa nane mchana kujibu shtaka la kuua bila kukusudia. Sajini Felicitas Karambu aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kikombe cha chai kilichokuwa kinavuja.

"Umeelewa?" Njiru alimuuliza kutoka mlangoni.

"Nimeelewa, afande."

"Basi mbona stoo bado imefungwa?"

"Ufunguo ninao mimi. Na saa sita bado haijafika."

Njiru alivuta pumzi akaondoka. Alikuwa mtu wa Runyenjes, si mtu mbaya hata kidogo, ila alikuwa na ugonjwa wa kupenda faili zilizofungwa, na faili hii aliiona kama imejifunga yenyewe. Jumanne ya wiki iliyopita, kule Mitunguu, mlinzi wa mfereji aliyeitwa Muthamia aliingia kwenye chemba ya chujio kutoa majani na tope. Stima ikapotea kidogo, ikarudi. Ilipokuwa saa tatu na dakika kumi na nne lango likafunguka lenyewe, maji yakamgandamiza kwenye chujio, akafa pale pale. Malango yale yalikuwa yakiendeshwa na bodi ndogo ya kompyuta, na aliyeifunga bodi hiyo mwezi wa pili alikuwa Riungu. Kwa hesabu ya Njiru, bodi ya Riungu imeua, Riungu ajibu.

Lililomsumbua Karambu lilikuwa koti.

Kule Mitunguu, tangu siku za malango ya kuzungusha kwa mkono, anayeingia kwenye chemba hutundika koti lake kwenye gurudumu la lango. Koti likiwa juu, hakuna anayegusa gurudumu, hata kama zamu yake ya maji imefika na ndizi zake zinalia. Na koti halitolewi na mtu mwingine. Mwenyewe ndiye hulitoa, akishatoka, mikono ikiwa bado na tope. Riungu alipoleta mota na bodi, gurudumu likang'olewa, na wazee wakamuuliza koti litatundikwa wapi sasa. Riungu hakuwacheka. Aliweka kulabu ubavuni mwa sanduku la chuma, na nyuma ya kulabu akaficha swichi yenye springi. Koti likitundikwa, uzito unabonyeza swichi, na bodi inajua kuna mtu chini.

Hivyo ndivyo alivyosema Riungu. Picha za polisi zilionyesha koti la Muthamia likiwa kwenye kulabu, limetundikwa vizuri kwa kitanzi cha shingoni. Marehemu alikuwa amefanya lake. Karambu alidhani labda springi ilikuwa imekufa, akaipima kwa mita mbele ya mashahidi wawili. Springi ilikuwa nzima. Njiru aliposikia alipiga makofi.

"Koti lilikuwa juu, swichi ni nzima, na bado lango limefunguka," alisema. "Umemmaliza Riungu kwa mikono yako mwenyewe. Asante sana."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi sasa. Kwenye benchi la nje alikaa Kathambi, mjane wa Muthamia, ambaye hakuwa amekosa kufika hata siku moja. Alivaa sweta ya Chama cha Akina Mama ya kanisa lake, na mkoba wake alikuwa ameuweka magotini kama mtu anayengoja kuitwa.

"Muga, mama," Karambu alimsalimia.

"Muga. Leo anaenda?"

"Saa nane, wanasema."

"Nitakuwa hapa. Nataka nione akiingia kwa gari." Kathambi aliusogeza mkoba magotini. "Na koti? Tunazika Jumamosi. Niliambiwa na mkubwa wako koti ni kielelezo. Mzee alikuwa na koti moja tu ya maana. Nataka aende nayo."

Karambu alimwambia angoje kidogo. Alienda moja kwa moja seli.

Riungu alikuwa ameketi kwenye kona, miguu mitupu, kwa maana viatu vilikuwa na kamba. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na siku tisa za seli zilikuwa zimemfanya aonekane wa hamsini.

"Nakuuliza mara ya mwisho," Karambu alisema. "Bodi ikipata stima, kitu cha kwanza inafanya ni nini?"

"Nishaandika kwa statement."

"Niambie kama mimi ni mjinga."

Riungu alijikuna ndevu. "Bodi ikiwashwa ni kama mtu ameamshwa ghafla. Haijui iko wapi, haijui ina malango, haijui kitu. Kuna program ndogo inaanza kabla ya zingine zote, tunaiita bootloader. Hiyo ndiyo inaiamsha na kuiambia wewe ni nani na ufuate nini. Yangu nilii-configure hivi: kwanza funga malango yote. Pili angalia kulabu. Koti iko? Ngoja hapo, hata kama ni mpaka kesho. Haiko? Angalia ratiba ya zamu kama ina saini za watu watatu wa kamati. Ikiwa nazo, sasa ndio unaachilia program ya maji."

"Saini za watu watatu kwa nini?"

"Ndio mtu mmoja asijipe maji ya wenzake usiku na mchana."

"Hiyo program uliiweka wapi?"

"Kwa chip. Imechomewa kwa bodi. Huwezi itoa bila kuivunja."

"Sio kwa kadi ya kumbukumbu?"

Riungu aliinua kichwa. "Hakuna kadi kwa hiyo bodi. Nilikataa kadi. Kadi inatolewa na yeyote mwenye kucha."

"Lakini tundu la kadi lipo?"

"Lipo, chini, upande wa nyuma. Hulioni. Ukijua liko wapi utalifikia kwa kidole gumba." Alisimama, akashika vyuma. Sura yake ilikuwa imebadilika. "Sajini. Hiyo bodi vile imetengenezwa, ikikuta kadi inaanza na kadi. Inaruka chip. Nilijua hivyo. Ningeziba hilo tundu na gundi, dakika mbili tu, na sikuziba. Umeona kadi?"

"Sijaona kitu. Nauliza tu."

Alimwacha hapo akiwa ameshika vyuma, na akatembea haraka kuliko alivyotaka watu waone.

Dhahabo alifika saa nne kutoka Meru mjini, buibui lake likiwa na vumbi la barabara mpaka magotini. Kwa miaka kumi na minne alikuwa na duka la kutengeneza simu na redio karibu na soko, na Karambu alikuwa amemfahamu katika kesi ya simu za wizi, ambapo mawakili wawili walijaribu kumchanganya kizimbani wakaishia kuchanganyikiwa wao. Aliandika jina lake kwenye kitabu cha stoo, saa na dakika, akavaa glavu alizopewa, akalitazama sanduku bila kuligusa.

"Nani mwingine amelifungua?"

"Tangu lichukuliwe, hakuna. Kufuli ina funguo mbili. Moja ya Riungu, iko hapa. Nyingine iko ofisi ya mwenyekiti."

"Na mwenyekiti anasema?"

"Kwamba hajawahi kulifungua hata siku moja. Alisaini."

Karambu alifungua kufuli. Bodi yenyewe haikuwa kubwa kuliko kiganja, imefungwa kwa skrubu nne, na pembeni yake vitufe vyeusi vinne ambavyo bodi hubonyeza yenyewe kuwasha mota, kila kimoja cha lango lake. Dhahabo alitoa kioo kidogo, kile ambacho wanawake hutumia kujipaka wanja, akakiingiza chini ya bodi. Alimpa Karambu kioo naye atazame.

Ndani ya kioo, upande wa nyuma, ulionekana ukingo wa kadi nyeusi isiyozidi ukucha.

Karambu alipiga picha kumi na mbili. Kisha alimwambia Dhahabo asiiguse kwanza, na akaenda kulileta koti la Muthamia kwenye mfuko wake wa karatasi. Alilitundika kwenye kulabu. Springi ikashuka. Lilikuwa koti zito la kahawia, kiwiko kimoja kimewekwa kiraka cha ngozi, na bado lilinukia tumbaku na ndizi mbivu.

Dhahabo aliunganisha bodi na kompyuta yake kwa waya tatu nyembamba. "Huu ni wa bodi kusema, huu wa kusikia, huu wa ardhi. Bodi zote za aina hii zikiamka huongea, ila hakuna anayezisikiliza. Washa."

Karambu aliwasha. Maandishi meupe yalianza kushuka kwenye skrini. Jina la programu ya kuamsha, kama linavyotoka kwa muuzaji. Tarehe iliyotengenezwa: kumi na moja mwezi wa tano. Hesabu ikaanza, tatu, mbili, moja. Ndani ya sanduku kitufe kimoja kikalia: *tak*. Taa ya lango la chemba, ambalo ndilo la laini ya kwanza, ikawa ya kijani.

Karambu alilitazama koti. Lilikuwa bado limetundikwa.

"Hajauliza," alisema. "Hajauliza kabisa kama kuna koti."

"Huyu hajui koti ni nini. Hii ni bootloader ya kawaida, vile inatoka kwa muuzaji. Mtu ameipakua, ameipanga kidogo, ameiweka kwa kadi." Dhahabo alikuwa akisoma na kidole. "Yeye alitaka kitu kimoja tu, kuruka zile saini tatu. Ona ratiba ya zamu. Laini ya kwanza masaa matatu, ya pili matatu, ya tatu matatu. Ya nne, kumi na tano."

"Siku nzima imeisha."

"Siku nzima na watu wake."

Laini ya nne ilikuwa na wakulima thelathini na mmoja. Mmoja wao alikuwa mwenyekiti Munyi, ambaye alihamia huko kutoka Embu baada ya kustaafu ualimu wa umeme katika chuo cha ufundi, na ambaye ndizi zake zilikuwa nene kuliko za jirani yeyote mwaka huu. Lakini kuwa na ndizi nene si hatia. Na tarehe ile ya kwenye skrini, Riungu alikuwa Kiirua akifunga pampu kwa wakulima wa viazi, alikuwa na mashahidi. Dhahabo mwenyewe ndiye aliyemharibia Karambu furaha.

"Hiyo ni tarehe ya kompyuta iliyoitengeneza. Haisemi nani aliichomeka, wala lini. Wakili atakuambia Riungu ndiye aliichomeka, na atakuwa na haki ya kusema."

"Toa kadi. Washa tena."

Dhahabo aliisukuma kadi kwa kidole gumba, ikaruka nje, akainakili kwenye kadi tupu, kisha akaidondosha kwenye bahasha ambayo Karambu aliifunga na kuisaini. Bodi ikawashwa bila kadi. Maandishi yaliyokuja sasa yalikuwa ya Kiswahili, na hayakuwa na madoido.

*Malango yote yamefungwa.*

*Kulabu: koti lipo.*

*Kuna mtu ndani. Nangoja.*

Hakuna kitufe kilicholia. Walikaa wakitazama kwa dakika kumi nzima, na bodi haikusogea. Kazi ya Riungu ilikuwa pale muda wote, nzima, imelazwa chini ya kadi ya mtu mwingine, na mwenyewe alikuwa seli miguu mitupu.

"Unajua nani ameiweka," Dhahabo alisema.

"Nadhani. Kortini hawapokei ninavyodhani." Karambu alilitoa koti, akalirudisha mfukoni. "Mtu amemsukuma afande aseme mara tatu asubuhi moja ili hili sanduku litoke hapa kabla ya saa sita. Tumpe. Aje alichukue."

Mwenyekiti Munyi aliingia saa sita kasoro dakika tano, suti ya kijivu, kofia mkononi, akitembea na Njiru bega kwa bega. Alimsalimia kila mtu, hata Kathambi pale benchini, akamwambia pole kwa mara nyingine na kwamba kikundi kitatoa sufuria na mahema. Sanduku lilikuwa limeshaletwa mezani pa Karambu, Dhahabo na kompyuta yake wakiwa kwenye kona, na mlango wa ofisi uliachwa wazi. Karambu ndiye aliyeuacha hivyo.

"Sajini wetu ni mkali," Munyi alisema huku akiketi. "Lakini ni vizuri. Watu wakali ndio wanafanya kazi."

"Asante, mwalimu. Kuna karatasi moja kabla sijakupa mali yenu. Ni ya kawaida." Karambu alichukua kalamu. "Tangu bodi ifungwe mwezi wa pili, umewahi kufungua sanduku hili?"

"Nilishasema. Sijawahi."

"Ufunguo wa pili?"

"Uko kwa bahasha yake ofisini. Haujatoka."

"Umewahi kuigusa bodi yenyewe, kuirekebisha, kuiongezea kitu?"

Munyi alicheka kidogo. "Mimi nilifundisha stima ya nyumba, waya na swichi. Hizi kompyuta ni za vijana. Nitajulia wapi?"

"Nisainie hapo. Na hapo. Asante." Karambu alifungua kufuli, akainua kifuniko, akalisukuma sanduku mpaka mbele yake. "Sasa kagua. Sitaki kesho useme polisi wamekula kitu."

"Haina haja."

"Ina haja, mwalimu. Afande Njiru anapenda mambo yawe sawa kwa karatasi."

Njiru aliitikia kwa kichwa, maana ilikuwa kweli. Munyi akainama. Alizitazama waya kwa juu juu, akahesabu vitufe vinne kwa sauti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa sanduku. Mkono wa kushoto ukateremka taratibu nyuma ya bodi, kama mtu anayetafuta kifungo cha gauni mgongoni, na kidole gumba kikabonyeza. Hakuna kilichotoka. Kikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Kuna kitu kimepungua?" Karambu aliuliza.

"Hapana. Kila kitu kiko."

"Basi hicho kidole kinatafuta nini?"

Mkono ulirudi juu haraka. "Naangalia kama bodi imekaza."

"Kwa chini? Mara mbili?" Karambu alimgeukia Njiru. "Afande, weka kidole chako pale alipokuwa ameweka chake. Uniambie kuna nini."

Njiru alisita, kisha akainama, akapapasa. Alikaa muda. "Kuna tundu."

"Unaliona?"

"Silioni. Nalishika tu."

"Mtu ambaye hajawahi kufungua sanduku hili amelifikia bila kutazama." Karambu aliweka bahasha mezani, kadi ikionekana kwa dirisha la plastiki, saini mbili na saa juu yake. "Alikuwa anatafuta hii. Imetoka hapo saa nne na dakika arobaini leo. Dhahabo ni shahidi, picha zipo."

Munyi aliitazama kadi, akaitazama kofia yake. "Huyo kijana ndiye aliiweka. Muulize."

"Riungu aliweka kadi ya kuipa laini yako masaa kumi na tano?"

"Laini ya nne ina watu thelathini!"

"Thelathini na mmoja. Ni wangapi wana ufunguo?"

Hapo ndipo Karambu alipotoka nje, akamshika Kathambi mkono, akamwingiza ofisini na kumkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Njiru alifungua mdomo. Karambu hakumpa nafasi. Alilitoa koti mfukoni, akalitundika kwenye kulabu ya sanduku, na alipoliona Kathambi alishika shingo ya sweta yake.

"Mama, nisamehe. Nataka usikie kitu, kisha uone kingine. Dhahabo, na kadi kwanza. Ile nakala yake."

Dhahabo alichomeka nakala, akawasha. Tatu, mbili, moja. *Tak.* Taa ya kijani.

"Hiyo ni nini?" Kathambi aliuliza.

"Ni lango la chemba limefunguka. Koti likiwa juu."

Kathambi hakulia. Alikitazama kile kitufe kidogo cheusi kwa muda mrefu sana, mpaka Njiru akaangalia dirisha. Aliyeshindwa kuvumilia alikuwa Munyi.

"Nani angejua?" alisema, sauti imepanda. "Nani angejua kulabu ni swichi? Nilidhani ni ya kutundika makoti tu! Mambo ya wazee. Hakuna mahali kijana aliandika hii ni swichi. Mimi nilitaka ratiba tu, ratiba, hayo mambo ya saini tatu yalikuwa yananizuia kama mtoto..."

Kalamu ya Karambu ilikuwa ikikimbia kwenye karatasi, na Njiru alikuwa amegeuka kutoka dirishani.

"Miaka sita umekaa kwetu," Kathambi alimwambia, polepole, bila kupaza sauti. "Unakula mazishi yetu. Unakula harusi zetu. Na hukuwahi kuuliza koti inatundikwa kwa nini."

Kofia ya Munyi ilikuwa imemwanguka na hakuna aliyeiokota.

"Sasa bila kadi," Karambu alisema.

Maandishi yalishuka. Malango yote yamefungwa. Kulabu: koti lipo. Kathambi alisogea karibu na skrini, akavaa miwani, akasoma mstari wa mwisho kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma kanisani siku yake ya zamu. "Kuna. Mtu. Ndani. Nangoja." Aligeuka. "Hii ni ya nani?"

"Ya Riungu. Ndiyo aliyoifunga mwezi wa pili. Iko hapo hata leo. Ilifunikwa tu."

"Ingengoja mpaka lini?"

"Mpaka koti litolewe," Dhahabo alisema. "Hata mwezi."

Njiru alijikohoza, akavuta suruali juu, mtu anayetafuta mahali pa kuweka mikono. "Haya. Haya, tumeona. Zima hiyo kitu, tulirudishe koti kwa mfuko, tupige simu kwa prosecutor tuone." Akanyoosha mkono kwenye kulabu.

"Usiguse."

Hakuwa Karambu aliyesema. Kathambi alikuwa amesimama, na kwa urefu alimfikia Njiru kifuani, lakini Njiru ndiye aliyerudi nyuma.

"Koti haitolewi na mtu mwingine. Anaitoa mwenyewe akitoka. Mwenyewe hakutoka." Aliweka kiganja chake kwenye kile kiraka cha ngozi. "Nitaitoa mimi. Lakini siitoi saa hii. Siku tisa nimekaa kwa hiyo benchi nikimlaani mtu ambaye alimchunga mzee wangu. Mtoe kwanza. Nikimuona hapa, ndio nitatoa koti. Kabla ya hapo hakuna mtu anagusa, hata ukiwa na nyota ngapi hapo begani."

Njiru alimtazama Karambu, labda akitafuta msaada.

"Mimi nina barua yako, afande," Karambu alisema. Aliitoa chini ya kikombe. Wino ulikuwa umetambaa, duara la chai limekaa juu ya neno *mshukiwa*. "Nitaitii, nikijua tu inamsema nani sasa."

Ilimchukua Inspekta Njiru dakika ishirini na simu mbili. Karambu alisikia sehemu yake tu kupitia ukutani: ndiyo, mheshimiwa, hapana, tumepata mtu mwingine, ndiyo, amesema mwenyewe mbele ya mashahidi, mimi mwenyewe nilikuwepo. Hilo la mwisho alilisema mara mbili. Wakati huo wote Munyi aliketi kati ya askari wawili, na bodi iliendelea kungoja, na hakuna aliyeizima.

Kisha Riungu akaletwa, viatu mkononi. Aliona sanduku limefunguliwa, akaona koti, akaona maandishi yake kwenye skrini. Halafu akamwona Kathambi, akasimama pale pale mlangoni.

"Mama," alisema. "Ningeziba tundu. Dakika mbili tu."

"Najua. Sajini ameniambia." Kathambi alimtazama kutoka kichwa mpaka kwenye vidole vya miguu. "Umekonda. Vaa viatu."

Alimngoja avivae, afunge na kamba zote. Ndipo akageuka, akakiinua kitanzi cha koti kutoka kwenye kulabu kwa mikono miwili. Springi ikapanda. Kwenye skrini ukaja mstari mpya, *Hakuna mtu ndani. Naendelea*, na sekunde chache baadaye kitufe cha laini ya kwanza kikalia *tak*, kwa zamu yake, masaa sita kama watu watatu walivyosaini.

Kathambi alilikunja koti akaliweka kwenye mkoba.

"Mama, hiyo ni kielelezo," Njiru alisema, ila sasa alisema kwa adabu. "Haiwezi kutoka stoo hivi hivi. Na kesi je?"

"Swichi iko kwa kulabu, afande, haiko kwa koti," Karambu alisema. "Picha tunazo. Mzee anazikwa Jumamosi."

Alivuta kitabu kikubwa cha stoo, akatafuta mstari: koti moja, kahawia, kiraka kiwiko cha kushoto. Akaandika tarehe, na saa, saba na dakika tatu. Kalamu ikafika kwenye safu ya mwisho, ile ya jina la aliyelitoa. Njiru aliinama kuona ataandika nini, na Karambu hakumficha. Aliandika kwa herufi kubwa, akapiga na muhuri juu.

*MWENYEWE.*